Amos Alonzo Stagg

Amos Alonzo Stagg (West Orange, New Jersey, 16 Agosti 1862 – Stockton, California, 17 Machi 1965) alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani. Anajulikana hasa kwa misimu 41 aliyoifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambako alipata mataji mengi na baadaye miaka ya kushindwa.

Maisha ya awali

Stagg alizaliwa katika familia maskini. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale akikusudia kuwa mchungaji. Alipoona kwamba hana kipaji cha kuhubiri, aliamua kuwalea vijana kwa njia ya michezo. Kuanzia mwaka 1890 alifundisha Springfield, Massachusetts, pamoja na James Naismith, mwanzilishi wa mpira wa kikapu.

Mafanikio Chicago

Mwaka 1892 William Rainey Harper, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimwajiri Stagg. Tofauti na makocha wengi wa wakati ule, alipewa cheo cha mwalimu wa chuo na ajira ya kudumu. Mwaka 1905 timu yake iliifunga Michigan 2-0. Kabla ya hapo Michigan ilikuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Chicago ilitwaa ubingwa wa ligi inayoitwa leo Big Ten mara saba, mara ya mwisho mwaka 1924.

Misimu ya kushindwa

Baada ya hapo timu ilidhoofika. Mwaka 1926 ilishinda mechi 2 na kupoteza 6. Mwaka 1928 ilishinda 2 na kupoteza 7. Msimu wa 1929 ulikuwa mzuri, lakini katika misimu mitatu iliyofuata timu ilishinda mechi 7 tu, ikapoteza 15 na kutoka sare 4. Vyuo vikuu vya majimbo vilikuwa na wanafunzi wengi zaidi wa kuchagua wachezaji, wakati Chicago ilizidi kutilia mkazo masomo na utafiti. Robert Maynard Hutchins, aliyeshika uongozi wa chuo mwaka 1929, hakuona kwamba futiboli ina nafasi kubwa katika elimu.

Mwaka 1932 Stagg alitimiza miaka 70, umri wa kustaafu. Alipewa kazi nyingine isiyokuwa ya ukocha, akaikataa.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1933 alihamia College of the Pacific mjini Stockton. Mwaka 1938 alirudi Chicago na timu yake mpya, akaifunga timu yake ya zamani 32-0 katika uwanja uliobeba jina lake, Stagg Field. Mwaka uliofuata Chicago ilifungwa na Michigan 85-0, na mwezi wa Desemba 1939 chuo kiliacha futiboli. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja huohuo, wanasayansi walifanikisha mmenyuko wa mfululizo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa na binadamu.

Stagg mwenyewe alichaguliwa kocha bora wa mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 81. Aliaga dunia akiwa na miaka 102. Chuo Kikuu cha Chicago kilirudisha timu ya futiboli mwaka 1969, miaka minne baada ya kifo chake.