Insull na nyaya zinazopita juu ya Isiolo

Kila mjadala wa umeme unapozuka nchini, wako wanaoshikilia kwamba dawa ni moja tu: ukiritimba wa Kenya Power uvunjwe, kampuni zishindane, na bei itashuka yenyewe. Sheria ya Kawi ya 2019 imekwisha kuufungua mlango huo. Nami niishiye Isiolo huwasikiliza kwa makini, kisha humkumbuka Samuel Insull. Wanafunzi wetu hufunzwa habari za bwana wake, Thomas Edison, lakini yeye hatajwi.

Insull alizaliwa London mwaka 1859 katika familia isiyokuwa na mali. Mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Marekani kuwa katibu wa Edison, na akawa mshika hesabu za mvumbuzi yule asiyekuwa hodari wa fedha. Mwaka 1892 alihamia Chicago kuongoza kampuni ndogo, moja kati ya zaidi ya ishirini zilizougombania mji huo. Ushindani ulikuwepo tele! Kila kampuni ilikuwa na mitambo yake na nyaya zake, ilhali umeme ulibaki kuwa anasa ya matajiri.

Hapo Insull alitambua jambo ambalo ningependa walimu wa hesabu walitolee mfano darasani. Kununua mtambo hugharimu fedha zile zile, ufanye kazi saa mbili kwa siku au saa ishirini. Nyumba huwasha taa usiku, viwanda huhitaji nguvu mchana, treni za mjini hujaa asubuhi na jioni. Mwenye kuwahudumia wote hao kwa mtambo mmoja huigawa gharama kwa wengi. Basi akawanunua washindani wake mmoja baada ya mwingine, akipunguza bei kadiri wateja walivyoongezeka, na mwaka 1907 akaunda Commonwealth Edison.

Lakini ukiritimba usio na mlinzi ni hatari, naye alilijua hilo. Mwaka 1898 alipendekeza mbele ya wenzake kwamba kampuni ya umeme ipewe eneo lake peke yake, nayo ikubali kukaguliwa na kupangiwa bei na serikali. Wengi hawakupendezwa. Hata hivyo, mwaka 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yaliziweka kampuni za umeme chini ya tume za namna hiyo. Kenya iliunda bodi yake ya kusimamia umeme kwa sheria ya 1997, mwaka ule ule uzalishaji ulipotengwa na usambazaji na KenGen ikasimama peke yake.

Linalonigusa zaidi ni alilofanya kuanzia 1910 katika kaunti ya Lake, jimbo la Illinois. Vijiji vingine huko havikuwa na umeme, vingine viliupata jioni tu. Aliviunganisha kwa nyaya na mitambo mikubwa, akathibitisha kuwa shamba laweza kuhudumiwa pamoja na mji. Sisi Isiolo, kwa sensa ya 2019, tulikuwa watu 268,000 hivi katika zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Mji wetu una gridi, ilhali Merti ulilazimika kutegemea mitambo ya dizeli iliyosimama peke yake. Nani atashindana na nani kupeleka nguzo huko?

Simfanyi Insull kuwa mtakatifu. Alirundika kampuni juu ya kampuni, kila moja ikimiliki hisa za nyingine, hata tume za majimbo zikashindwa kuona fedha zilikopita. Mwaka 1932 jengo lote liliporomoka na wananchi wengi walionunua hisa wakapoteza akiba zao. Alikimbilia Ulaya, akakamatwa Istanbul mwaka 1934, akashtakiwa mara tatu na kila mara akaachiliwa. Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria ya kuzivunja kampuni za namna ile. Alifia katika kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Paris, mwaka 1938.

Tangu mwishoni mwa 2022, umeme ununuliwao Ethiopia hupita katika kaunti yetu ukielekea Suswa, juu ya vichwa vya wafugaji walalao gizani. Wanaotaka leseni chini ya sheria ya 2019 bila shaka wataiomba Nairobi na Mombasa. Nangoja kuona ombi litakaloitaja Sericho.