Arthur Lewis na Chuo cha Visiwa

Wakuu wengi serikalini humjua Marehemu Arthur Lewis kwa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1979. Sisi twamstahi zaidi kwa miaka minne aliyoongoza chuo kikuu cha visiwa vya Karibi. Mzaliwa huyu wa Saint Lucia, 1915, alitamani uhandisi. Wakoloni hawakuwaajiri wahandisi weusi, akaenda London kusomea biashara. Mwaka 1959 alikabidhiwa chuo, makao yake yakiwa Jamaika. Mwaka 1962 shirikisho la visiwa likavunjika, kila serikali ikavutia kwake, na chuo nacho kikawa hatarini kugawanywa. Lewis alikataa katakata. Serikali zilizoshindwa kukaa chini ya bendera moja zikaendelea kukigharimia chuo kimoja. Mwaka 1963 Barbados nayo ikapata tawi lake. Lewis alifariki kisiwani humo mwaka 1991. Chuo kingali kimoja.