Farinelli: Mwimbaji aliyemtuliza mfalme mgonjwa

WAKAZI wa Bungoma na Kitale waliokulia penye sauti ya litungu hawahitaji kuelezwa kwamba ala ya nyuzi inaweza kumliwaza aliyefiwa au aliyelemewa na mawazo. Imani hiyo si ya Wabukusu pekee. Katika Biblia, Daudi alimpigia Mfalme Sauli kinubi hadi akatulia. Huko Ulaya, kazi kama hiyo ilimwangukia Mwitaliano aliyejulikana kwa jina la Farinelli.

Jina lake halisi lilikuwa Carlo Broschi, mzaliwa wa Andria, kusini mwa Italia, mwaka wa 1705. Alihasiwa akingali mtoto ili sauti yake isivunjike, ukatili waliotendewa wavulana wengi wenye vipaji katika zama hizo. Mtunzi Nicola Porpora alimfunza uimbaji mjini Naples, na alipowasili London mwaka wa 1734, sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima.

Mwaka wa 1737 aliitwa Uhispania na Malkia Elisabetta Farnese. Mumewe, Mfalme Philip V, alikuwa ameshikwa na sonona kali. Alikataa kuoga, kunyolewa na hata kushughulikia mambo ya dola. Inasimuliwa kwamba Farinelli aliimba katika chumba cha jirani, na mfalme, kwa kuguswa na sauti hiyo, akakubali kunyolewa na kurejea barazani.

Tangu hapo Farinelli aliyapa kisogo majukwaa. Alimwimbia mfalme faraghani, usiku baada ya usiku, kwa takriban miaka tisa, hadi Philip alipofariki mwaka wa 1746. Alimtumikia pia mrithi wake, Ferdinand VI, kisha akastaafu mjini Bologna, alikofariki mwaka wa 1782.

Hata hivyo, Philip hakupona kabisa. Muziki ulimpa nafuu bila kuung'oa mzizi wa maradhi yake. Leo tiba ya muziki ni taaluma kamili: mtaalamu huweza kutumia utunzi wa Mozart, au wimbo wa kwao mgonjwa, kuufungua moyo uliojifunga ili maneno yapate kutoka. Lakini haichukui nafasi ya daktari, wala ya dawa.

Malkia hakumficha mumewe kwa kuona haya, alimtafutia msaada. Familia inayomfungia ndani mgonjwa wa sonona, iwe Kitale au Bungoma, inamnyima muziki na daktari kwa pamoja.