Syokimau: bibi aliyeoneshwa nyoka wa moshi

Ni wachache miongoni mwa washukao garini pale Syokimau, mizigo mkononi, mbio wakitafuta matatu ya kuwaingiza Nairobi, wanaojua kuwa jina lile ni la mtu. Tena ni la mwanamke. Na katika hao wanaojua, wako wanaodhani alikuwa mwenye shamba. La. Syokimau alikuwa mganga na mwonaji wa Kikamba aliyeishi karne ya 19, kabla reli haijalazwa, na pale pameitwa kwa jina lake kwa sababu ya jambo alilooneshwa.

Habari zake hazikuandikwa zama zake. Zimekuja kwa mdomo, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, kama zilivyotujia sisi wa pwani habari nyingi za wahenga wetu. Yasimuliwa kwamba makao yake yalikuwa upande wa milima ya Iveti, karibu na ulipo mji wa Machakos. Alikuwa bingwa wa dawa za miti. Vijana wa vita nao walimsikiliza, kwani aliwaonya mapema Wamasai wakiwa njiani, wakakaa tayari. Hadi hapo waweza kusema ni mganga kama waganga wengine.

Kisha akaanza kunena mambo yasiyokuwa na mfano. Watakuja watu kutoka upande wa maji makubwa, ngozi zao kama nyama mbichi, na maneno yao hayatasikilizana, mtu atadhani ni ndege wanalia. Watatembea na moto mifukoni. Na atakuja nyoka mrefu mno, atemaye moto na moshi, kichwa chake kwenye maji haya na mkia wake kwenye maji yale.

Msomaji, tuutazame kidogo huo moto wa mfukoni, maana watu wengi humkimbilia nyoka wakauacha. Katika nyumba ya Mkamba wa zama zile moto ulikuwa na mahali pake, kati ya mafiga, ukifukiwa majivu usiku ili usife. Ukizimika, waenda kwa jirani kuomba kaa, au wapekecha vijiti mpaka viganja viwake. Hakuna aliyekuwa na mfuko wa kutilia moto. Nguo yenyewe ilikuwa ngozi. Kumwambia mtu kama huyo kuwa yuko mwenye kutembea na moto kiunoni pasi na kuungua ni kumwambia jambo zito kuliko la nyoka. Nyoka mkubwa kila kabila inaye katika hadithi zake. Kibiriti hakuna aliyekuwa nacho.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 simba wa Tsavo wakawala wajenzi, kisa ambacho kila mtoto wa shule anakijua. Tarehe 30 Mei 1899 vyuma vikafika Nairobi, baada ya kukata nyika za Kapiti na Athi na kuuacha mji wa Machakos kando. Desemba 1901 vikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Maji kwa maji. Na miaka ile ile Ukambani ikaingia njaa ambayo wenyewe waliiita Ngomanisye, mvua ikakatika, watu wakafa, na wako wazee walioamini kuwa ni yule nyoka aliyeifukuza mvua.

Atatokea mjuzi aseme kuwa haya yalitungwa baada ya reli kupita. Tena atasema, mbona kila kabila lina wake? Wakamba hao hao wana Masaku, aliyeuachia mji wa Machakos jina lake. Wakikuyu wana Chege wa Kibiru. Wanandi wana Kimnyole, ambaye watu wake walimwua mwaka 1890. Hata huku kwetu, Wagiriama wana Mepoho, mwanamke pia, ambaye husimulia kwamba baada ya kutabiri kuja kwa wageni alididimia ardhini. Mjuzi mwingine atasema kuwa Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa pembe, wakishuka Rabai na Mombasa, na kwamba mwaka 1849 mmisionari Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi kule Kitui. Basi sura ya Mzungu haikuwa siri. Na Mhindi wa Mombasa angeweza kuhadithia gari la moshi, kwani kwao lilikuwapo tangu 1853.

Mimi sioni kuwa hayo yanampunguzia bibi kitu. Chuoni tulifundishwa kuwa unabii una watu wake na umefungwa. Lakini tulifundishwa pia kuwa mama yake Musa alitiwa neno moyoni, na nyuki naye akaelekezwa pa kujenga. Anayetaka kumjulisha mja wake jambo hashindwi kupitia sikio lake.

Wakristo nao wana ya kwao ya kutazama. Katika Injili ya Luka yumo Anna binti Fanueli, wa kabila la Asheri, mjane wa miaka 84 asiyeondoka hekaluni, naye anaitwa nabii bila kusitasita. Mbona Syokimau aitwe mpiga ramli? Marehemu John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Ukambani mwaka 1931 na kufariki 2019, alitumia umri wake kulijibu swali hili. Alishikilia kuwa wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao, na yule anayenenwa katika Biblia ndiye waliyemwomba wazee chini ya mti wa ithembo. Wako waliomlaumu vikali kwa hilo. Lakini fungua Biblia ya Kikamba: Muumba anaitwa Ngai, jina alilokuwa akitajwa kwalo kabla ya kitabu chenyewe kufika.

Nilimjua mzee mmoja wa Kikamba, mstaafu wa reli, akikaa Changamwe, mtu wa kanisa toka ujana wake. Habari za Syokimau nilizisikia kwake kwanza. Bibi yake mzaa mama alikuwa mpigaji wa ngoma ya kilumi, ile ya wanawake wazee ya kuombea mvua na kuponyea wagonjwa. Siku walipobatizwa nyumbani kwao, ngoma ile ilitiwa motoni mbele ya watu, na yule bibi akasimama akaitazama hadi ngozi ilipopasuka. Mjukuu aliimba zaburi siku hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa na miaka tisa.

Nilimwuliza kama yeye, Mkristo, anaamini kwamba Mungu alisema na Syokimau. Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza kuwa jambo hilo alishaliombea, akiwa mtu mzima, usiku, katika kibanda cha ishara huko nyikani, na kwamba jibu alilopewa lilimtosha. Hakunambia jibu lenyewe, wala sikumshika. Aliloomba ni moja tu, kwamba nikipata kuandika, niandike kuwa bibi yake alipokuwa akiipiga ile ngoma alikuwa akimtaja Ngai.