Jolly Joe Kiwanuka: Mwenye klabu aliyekuwa pia mtendaji wake

KATIKA mtaa wa Lucky Summer, kama kwingineko Eastlands jijini Nairobi, si ajabu kupata timu ya soka ambayo mwenyewe ndiye katibu, mweka hazina na msemaji wake. Karibu na hapo, Ruaraka, kuna Tusker, klabu ya kampuni ya bia, ambayo wakuu wake huteuliwa na wanaweza kubadilishwa. Je, mwenye klabu afaa kuwa pia mtendaji wake mkuu? Maisha ya Mganda Joseph William Kiwanuka, maarufu kama Jolly Joe, yanatoa jibu lisilo rahisi.

Kiwanuka huyu asichanganywe na Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyenyakuliwa mahakamani Septemba 1972. Jolly Joe alikuwa mwanahabari na mwanasiasa, mmoja wa vinara wa Uganda National Congress, chama kilichoundwa mwaka wa 1952 chini ya Ignatius Musaazi. Alimiliki gazeti la Uganda Express, na mwaka wa 1957 akaanzisha klabu ya soka iliyorithi jina la gazeti hilo.

Klabu nyingi kubwa za Uganda enzi hizo zilikuwa na taasisi nyuma yake. Ligi ya kitaifa ilipoanza 1968, taji lilikwenda kwa Prisons, timu ya magereza. Mwaka wa 1970 likatua kwa Coffee, na 1971 kwa Simba, timu ya jeshi. Express haikuwa na kambi wala wizara. Ilikuwa na Jolly Joe. Ndiyo maana ni vigumu kumlaumu kwa kuishika klabu kwa mikono yake mwenyewe: asingefanya hivyo, huenda isingevuka miaka yake ya kwanza. Mwenye mali akiwa ndiye mwamuzi, hakuna kusubiri kikao ili mchezaji apate nauli.

Lakini mamlaka yakikusanyika kwa mtu mmoja, hatari zake pia huwa za klabu. Mwenye Express alikuwa mwanasiasa, na maadui zake hawakuwa wa uwanjani. Chini ya utawala wa Idi Amin alikimbilia Kenya, na mwaka wa 1973 akatekwa nyara akiwa Nairobi, akarejeshwa Uganda na kuuawa.

Wengi wangetarajia klabu imfuate kaburini. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1974 Express ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza, na 1975 ikautetea. Taji ambalo mwanzilishi hakuwahi kuliona lilikuja alipokuwa hayupo tena ofisini, mikononi mwa watu ambao, kwa maoni yetu, walistahili kukabidhiwa usukani mapema zaidi.

Serikali ya Amin iliipiga marufuku klabu hiyo 1977. Ilirejea uwanjani 1979, baada ya dikteta huyo kung'olewa, ikiwa bado na jina lile lile la gazeti la Jolly Joe.