Jabir bin Abdillah (R.A.): Mwezi Mzima kwa Hadithi Moja

Jabir bin Abdillah (R.A.) alikuwa kijana wa Ki-Ansari wa Madina. Baba yake aliuawa shahidi vitani Uhud, mwaka wa 3 Hijria, akamwachia deni na dada zake wa kulea. Juu ya hayo hakuacha elimu. Hadithi alizopokea zinapita 1,500.

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.), Jabir alisikia kwamba yuko mtu Sham mwenye Hadithi juu ya kisasi cha Siku ya Kiyama, ambayo yeye hakuwahi kuisikia. Akanunua ngamia, akafunga mizigo, akasafiri mwezi mzima. Na sisi tunachelewa darasani hali nyumba zetu zi jirani na madrasa!

Mtu mwenyewe alikuwa Abdullah bin Unais (R.A.). Alipoambiwa Jabir yuko mlangoni alitoka mbio akikanyaga nguo yake, wakakumbatiana. Jabir akamweleza kuwa alichelea mmoja wao asije akafa kabla hajaisikia. Ndipo akasomewa: kwamba siku hiyo hataingia mtu Peponi wala Motoni na huku anadaiwa dhulma na mwenziwe, hata ikiwa ni kofi moja. Na malipo yenyewe ni kwa mema na mabaya, maana watu watafufuliwa mikono mitupu.