Tingatinga siyo trekta tu: jamaa wa Ruvuma aliyechora kwa rangi ya baiskeli

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nikikuuliza wewe uliyekaa kafe hapo, dakika zako zinakimbia, Tingatinga ni nini, najua utajibu trekta. Au utasema zile picha za chui mwenye madoadoa wanazouziwa Wazungu Dar na Zanzibar. Ni kweli, lakini kabla ya picha Tingatinga lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alizaliwa humu humu mkoani kwetu Ruvuma. Nimeishi Mbinga miaka yote bila kulijua hilo. Nililijua baada ya kuwaharibia wapwa zangu mikono kwa rangi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni fundi wa mabango. Nimeandika maduka, saluni, vyuma vya basi na makaburi. Rangi inayobaki kwenye kopo huwa siitupi. Jumamosi moja dada yangu aliniachia watoto wake wawili, wakaja na wa jirani watatu, mvua ya Umatengo mnaijua ikianza haina adabu, basi tukabanana barazani. Nikawapa makopo na vipande vya hadibodi wachore. Walifurahi kupita kiasi. Tatizo likaja kwenye kunawa. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji, nami nikawasugua mikono kwa petroli kama ninavyojisugua mwenyewe. Mdogo alilala na vipele hadi kwenye kiwiko. Dada hakunisemesha wiki nzima, na alikuwa na haki.

Huyo mdogo ndiye aliyeniuliza kama kuna mtu mzima yeyote aliyewahi kupata hela kwa kuchora wanyama. Nikamtajia picha za Tingatinga. Akataka kujua Tingatinga ni nani. Nikakwama. Ikabidi nitafute.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, siku hizi Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Ukitoka kwetu Mbinga unapita Songea, unapita Namtumbo, unafika Tunduru mjini, halafu unaendelea kama unakwenda Masasi. Ni mbali, lakini mkoa ni mmoja. Mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo, baba yake Mwislamu, ndiyo maana jina lina Edward na lina Saidi. Shule alisoma miaka michache tu ya msingi. Familia ilikuwa ya wakulima wa kawaida, na Tunduru ya wakati ule haikuwa na ajira za kumsubiri kijana.

Akafanya walichofanya vijana wengi wa kusini miaka ya 1950, akaenda kukata mkonge Tanga. Kama una babu aliyewahi kwenda manamba, muulize kazi ile ilikuwaje. Huko hakudumu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 akaingia Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 Waingereza wengi wakafunga mizigo, na kazi za aina hiyo zikapungua. Akahangaika na vibarua, ujenzi na chochote kilichopatikana. Alikuwa pia mtu wa muziki na ngoma. Yaani maisha yake yalikuwa ya jamaa yeyote aliyetoka bara kwenda Dar kutafuta, anaishi uswahilini Msasani na kila siku ana mpango mpya.

Kuchora alianza mwaka 1968 hivi. Piga hesabu hapo: alikuwa na miaka 36! Hakuwahi kuingia chuo cha sanaa wala kuwa na mwalimu. Inasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa Dar, akajisemea moyoni kwamba na yeye anaweza. Wengine wanaosoma mambo ya sanaa wanasema mizizi iko nyumbani kwao, kwenye michoro waliyokuwa wakichora watu wa kusini ukutani. Wanabishana mpaka leo. Mimi kama fundi naona yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

Sasa njooni kwenye vifaa, maana hapo ndipo palinigusa. Turubai na rangi za wasanii vilikuwa ghali. Yeye akachukua hadibodi, zile mbao laini za kupigia dari, akazikata vipande vya mraba vya kama futi mbili kwa mbili. Rangi akatumia ile ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli na milango. Wadau, hayo ndiyo makopo yangu ya barazani! Vitu ninavyovikwepa sebuleni kila siku ndivyo vilivyolipeleka jina la mtu wa Tunduru hadi Japani.

Ile rangi yenyewe ndiyo iliyoamua mtindo. Rangi ya baiskeli ni nzito na inang'aa, si rahisi kuichanganya polepole upate kivuli na mwanga. Kwa hiyo alipaka kwanza nyuma kote rangi moja, akaacha ikauke. Halafu katikati anakuja mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao: chui, tembo, nyati, fisi, au ndege. Hakuna milima kwa mbali wala jua linalozama. Mwisho kabisa ndiyo madoa na mistari. Picha zake za mwanzo zina rangi chache sana, na mnyama anakutazama kama anakudai. Hizi za siku hizi zenye twiga ishirini na mlima Kilimanjaro ni za waliokuja baadaye. Sizidharau, watu wanasomeshea watoto kwa hizo. Ila ukimtazama chui wa mzee mwenyewe unaona tofauti.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali Wazungu na maofisa walipokuja kununua mahitaji yao. Mkewe Agatha naye alisaidia kuuza. Biashara ikashika. Na hapa jamaa alifanya jambo ambalo mafundi wengi hatufanyi, hakuficha ujuzi. Aliwaita ndugu na vijana wa kwao, akawafundisha pale pale nyumbani. Alikuwepo Simon Mpata, ndugu yake, wakawepo January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi na Casper Tedo. Walikaa chini, mwalimu anachora na wanafunzi wanaangalia, kisha wanajaribu. Baadaye shirika la serikali la sanaa likaanza kununua kazi zake, na yeye akapata pia kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili. Kwa mara ya kwanza mambo yalikuwa yamekaa sawa.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walikuwa wakimfukuza mhalifu. Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku huo. Walidhani ndiye, wakapiga risasi. Akafa akiwa na miaka 40, ameacha mke na watoto wawili. Muda wote aliochora tangu mwanzo mpaka mwisho ni kama miaka minne, hautoshi hata mtoto kumaliza shule ya msingi.

Nilipofika hapo sikujua nimweleze vipi mpwa wangu. Ana miaka minane. Kwanza nilimwambia aliugua. Usiku sikulala vizuri, kesho yake nikamweleza ukweli, kwamba walikosea mtu. Akanyamaza, halafu akauliza kama wale wanafunzi waliendelea kuchora. Nikamwambia ndiyo, waliendelea. Walibaki pale pale Oysterbay, wakaleta ndugu zao na ndugu wakaleta watoto wao, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Mwaka 2010 mtindo wenyewe ukaingia hata kwenye katuni za televisheni za watoto, zilitengenezwa Nairobi zikaonyeshwa Uingereza. Hayo yakamtosha. Akaomba ubao.

Ubao nilimpa ila rangi ya mafuta hapana, na nyinyi wenye wadogo zenu nyumbani msiwape. Mvuke wake siyo mzuri kwa kifua. Pili, rangi nyingi za mafuta, hasa makopo ya zamani, zina madini ya risasi ambayo yakiingia mwilini mwa mtoto yanadhuru ubongo. Fundi hakwambii hayo, mimi mwenyewe sikuyajua. Tangu siku hiyo tunachora kwa mtindo wa Tingatinga, rangi tunatengeneza wenyewe.

Gundi ni uji. Vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji, koroga kwanza kwa maji baridi usipate mabonge, weka motoni mpaka uwe mzito, acha upoe. Nyekundu tunayo bure, udongo wa Mbinga kila mtu anaujua kwa jinsi unavyokatalia kwenye soksi. Ukaushe, utwange, uuchuje kwa kitambaa, uchanganye na uji. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa ukawa vumbi. Nyeupe ni chaki. Msitumie chokaa, inaunguza macho. Njano ni manjano ya pilau, ila iweke kivulini maana jua linaifuta. Bluu ya ziwa tulihangaika nayo sana, mpaka bibi mmoja jirani akatuonyesha bluu ya kufulia nguo nyeupe. Kapakiti kamoja kanatosha watoto sita, ila simamia wasitie mdomoni. Uji huo unachacha, kwa hiyo tengeneza wa siku moja tu.

Brashi hatununui. Chukua kijiti kibichi kama cha mswaki, kitafune ncha moja mpaka nyuzi zitoke. Ncha ya pili usiitafune, hiyo ndiyo ya kupigia madoa. Ubao ni maboksi ya dukani, upande wa ndani usio na maandishi. Paka nyuma rangi moja, acha ikauke kabisa. Hapo ndipo watoto wanaposhindwa kuvumilia, wapeleke wakacheze. Halafu mnyama mmoja tu, mkubwa, aguse karibu kingo zote. Mtoto akianza kuongeza nyumba na gari, mwachie, ila mpe boksi lingine.

Wanyama wa Tingatinga walikuwa wa mbugani. Wetu hapa hawajawahi kumwona kifaru, lakini ziwa wanalijua. Tulishuka nao Mbamba Bay likizo iliyopita, siku hizi lami ipo siyo kama zamani, na mwenye macho akichungulia maji karibu na mawe anaona samaki wadogo wa bluu na wa njano wenye mistari, ambao Ulaya watu wanawafuga kwenye matangi ya vioo. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Mpwa wangu alichora mmoja akajaza boksi zima la sabuni, mwili bluu, mistari ya mkaa, na madoa ya njano ambayo samaki yule hana. Nikamuuliza madoa yametoka wapi. Akasema ya chui.

Dada amelitundika sebuleni. Hajasema kitu, lakini amelitundika.

Basi Jumamosi hii tunashuka tena ziwani kuokota mawe bapa ya kuchorea. Tahadhari, rangi ya uji juu ya jiwe haistahimili mvua, ni ya kuweka ndani. Mwenye duka Mbinga mjini akiwa na maboksi asiyachome, naomba aniwekee, nitapita Ijumaa jioni. Na kama kuna mdau wa Nakapanya anayesoma hapa, naomba aandike hapo chini: pale kijijini kuna chochote kinachoonyesha kwamba Edward alizaliwa hapo? Hata kibao tu. Kama hakuna, mimi kibao naweza kuandika, nauli tu ndiyo tuisaidiane.